Maharage matamu yenye ladha ya moshi: jinsi ya kuyapika polepole bila kumdhuru mtoto

Maharage ni chakula cha bei nafuu chenye protini, madini chuma, zinki na foliki asidi, vitu ambavyo mtoto anayekua na mama mjamzito wanavihitaji kila siku. Tatizo lake ni muda. Yanachukua saa mbili, tatu, na maharage ya zamani huzidi hapo. Mama mwenye kazi za shamba, foleni ya maji na mtoto mgongoni hana saa tatu za kukaa karibu na moto, wala hana mkaa wa kuchezea.

Katika nchi za wenzetu kama Marekani, familia hupika maharage matamu yenye harufu ya moshi kwa kutumia chungu cha umeme kinachopika polepole kutwa nzima. Hapa Singida chungu hicho si cha kawaida, lakini upishi wa namna hiyo unawezekana kwa kapu la joto: kapu au boksi lililojazwa vitu vinavyozuia joto kutoka, ambamo sufuria iliyokwisha kuchemka huendelea kuiva bila moto.

Ukurasa huu unaeleza namna ya kuyapika, na kabla ya hapo unaeleza hatari moja ambayo walezi wengi hawaijui: maharage yakipikwa polepole bila kuchemshwa sawasawa kwanza yanaweza kumtapisha mtoto na kumharisha.

Kwa nini maharage yasiyoiva ni hatari

Maharage mabichi yana kemikali ya asili iitwayo lektini. Mmea unaitumia kujikinga na wadudu. Maharage mekundu ndiyo yenye lektini nyingi zaidi, lakini aina nyingine za maharage nazo zinayo. Punje nne au tano tu za maharage mekundu yasiyoiva zinaweza kumfanya mtu mzima augue. Mtoto mwenye mwili mdogo huishiwa maji haraka zaidi.

Dalili huanza saa 1 hadi 3 baada ya kula: kichefuchefu, kutapika sana, kisha kuharisha na maumivu ya tumbo. Watu wengi hupata nafuu ndani ya saa chache. Kwa sababu dalili zinafanana na za ugonjwa mwingine wowote wa tumbo, mama husema mtoto "ameota meno" au "amekula uchafu", na sufuria ya maharage haishukiwi.

Lektini huharibiwa na mchemko wa nguvu. Haiharibiwi na joto la wastani. Maharage yaliyopashwa moto hadi nyuzi joto 80 hivi bila kuchemka yanaweza kudhuru hata kuliko mabichi. Ndiyo maana mtu akiweka maharage mabichi moja kwa moja kwenye chungu cha umeme cha kupika polepole, au akiyatia kwenye kapu la joto baada ya mchemko wa dakika mbili tu, anaweza kupata maharage yanayoonekana laini huku lektini bado imo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kuloweka maharage kwa saa 12, kisha kuyachemsha kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10. Kwetu Singida ongeza muda. Mji wa Singida uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100 kama kule Dar es Salaam au Tanga. Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: dakika 30 za mchemko wa nguvu, zikihesabiwa tangu mapovu yanapoanza kupanda, ndipo sufuria iingie kwenye kapu.

Kutengeneza kapu la joto

Huhitaji kununua kitu kipya. Tafuta:

- Kapu kubwa, tenga, ndoo pana au boksi gumu, ambamo sufuria yako ikikaa itabaki nafasi ya kama sentimita 10 (upana wa kiganja) kila upande na chini.
- Vitu vya kujazia: nguo kuukuu, blanketi lililochakaa, pamba au nyasi kavu safi.
- Mto wa kufunikia, ulioshonwa kwa kitambaa na kujazwa vitu hivyo hivyo, unaofunika mdomo wote wa kapu.
- Sufuria yenye mfuniko unaobana, isiyo na mkono mrefu.

Shindilia vitu vya kujazia chini na pembeni, ukiacha shimo la ukubwa wa sufuria yako katikati. Tandika kitambaa cha pamba juu yake ili kiwe rahisi kufuliwa. Usitumie mifuko ya plastiki mahali inapogusana na sufuria ya moto. Kama unatumia nyasi, zibadilishe zikilowa au zikianza kunuka.

Kabla ya kupikia chakula, lijaribu kapu kwa maji. Jaza sufuria maji, yachemshe, yafunike, yaweke kwenye kapu kwa saa 5. Ukifungua, mimina kidogo kwenye kikombe. Kama ni ya moto kiasi kwamba mtu mzima hawezi kuyanywa bila kuyapoza, kapu lako ni zuri. Kama yamekuwa vuguvugu, ongeza vitu vya kujazia na mto mzito zaidi, kisha jaribu tena. Kapu linalopoza chakula upesi huwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Mambo mawili zaidi kuhusu kapu. Kwanza, sufuria ijae walau theluthi mbili. Sufuria yenye chakula kidogo hupoa haraka. Pili, usifungue "kuchungulia". Kila ukifunua joto linatoka, na hakuna moto wa kulirudisha.

Kuchagua na kuandaa maharage

Chambua maharage kwenye ungo mahali penye mwanga. Toa mawe, punje zilizotobolewa na wadudu, na punje zenye ukungu. Ukungu kwenye nafaka na mikunde unaweza kuleta sumu zisizokwisha kwa kupika. Usipike kamwe maharage ya mbegu yaliyopakwa dawa, ambayo mara nyingi huwa na rangi isiyo ya kawaida, hata ukiyaosha mara kumi. Kama maharage yamehifadhiwa kwa dawa ya wadudu ghalani, hakikisha muda ulioandikwa kwenye pakiti umepita, kisha yaoshe vizuri.

Loweka maharage usiku kucha kwenye maji mengi, kikombe 1 cha maharage kwa vikombe 3 au zaidi vya maji. Asubuhi mwaga maji hayo na uyasuuze. Kuloweka kunafanya kazi tatu: kunapunguza muda wa kuiva, kunapunguza vitu vinavyoleta gesi tumboni, na kunapunguza vitu vinavyozuia mwili kufyonza madini chuma na zinki. Usipikie maji uliyolowekea.

Vipi kuhusu magadi? Ni kweli yanalainisha maharage haraka. Lakini magadi huharibu baadhi ya vitamini B na huongeza chumvi ya sodiamu kwenye chakula cha mtoto. Ukiwa na kapu la joto huna haja nayo.

Ukikuta sokoni maharage lishe, yaani mbegu zilizoboreshwa na watafiti ili ziwe na madini chuma na zinki zaidi, yachague. Upishi wake hauna tofauti.

Mahitaji (familia ya watu 5 au 6)

- Maharage makavu vikombe 2
- Vitunguu vikubwa 2
- Nyanya zilizoiva 4
- Karoti 2
- Samaki mkavu wa kubanikwa kwa moshi 1, wa ukubwa wa kati
- Mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula
- Asali kijiko 1 cha chakula (soma onyo hapa chini)
- Limao nusu
- Chumvi kidogo

Utaona kwamba vitu vingi hapa ni vya nyumbani. Alizeti na vitunguu Singida havituishii, na asali ya Manyoni na Itigi inajulikana nchi nzima. Utamu unatoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa taratibu, karoti na nyanya. Ladha ya moshi inatoka kwa samaki, ambaye pia ana faida ya kiafya: samaki na nyama huusaidia mwili kufyonza madini chuma yaliyomo kwenye maharage.

Hatua kwa hatua

1. Jioni, chambua na loweka maharage.

2. Saa 12 asubuhi, mwaga maji, suuza, tia kwenye sufuria na uweke maji mapya yanayofunika maharage na kuzidi kwa vidole viwili. Usiweke maji mengi kupita hapo, kwa sababu ndani ya kapu hayapungui. Usitie chumvi, nyanya, limao wala asali bado. Uchachu wa nyanya na limao huyafanya maharage yakatae kulainika.

3. Bandika jikoni. Yakianza kuchemka kwa nguvu, angalia saa. Yaache yachemke kwa nguvu dakika 30. Kama moto umefifia na mchemko ukakata, anza kuhesabu upya.

4. Hakikisha mfuniko umebana, epua sufuria ikiwa bado inachemka na uiweke kwenye kapu papo hapo. Funika kwa mto. Usiisubirishe mezani. Weka kapu mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki wala hawezi kulivuta. Sufuria ile itaunguza kwa saa nyingi.

5. Baada ya saa 5 hivi, kati ya saa 5 na saa 6 mchana, toa sufuria. Bonyeza punje kati ya vidole: iwe laini hadi katikati, bila kiini kigumu. Kama bado, chemsha tena dakika 10 na uirudishe kwenye kapu kwa saa 1 au 2.

6. Wakati huo mchambue samaki. Mloweke kwenye maji ya moto dakika 10, mwaga maji hayo ili kupunguza chumvi, kisha toa ngozi na miiba yote. Pitisha vidole mara mbili; mwiba mmoja unatosha kumkwama mtoto kooni.

7. Kaanga vitunguu kwa mafuta ya alizeti kwa moto mdogo hadi viwe vya rangi ya dhahabu. Tia karoti zilizokwanguliwa na nyanya zilizosagwa au kukatwa vidogo. Zikishavunjika, tia samaki.

8. Mimina maharage pamoja na maji yake kidogo. Ponda kijiko kimoja au viwili vya maharage pembeni ya sufuria ili rojo liwe zito. Chemsha dakika 15.

9. Toa sehemu ya mtoto aliye chini ya mwaka 1. Baada ya hapo tu, tia asali na chumvi kwenye sufuria ya familia. Kamulia limao wakati wa kula.

Asali na mtoto chini ya mwaka 1

Usimpe asali mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, hata ya kulambishwa, hata iliyopikwa ndani ya chakula, hata iliyotoka kwenye mzinga wako mwenyewe. Asali safi inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachoitwa Clostridium botulinum. Utumbo wa mtu mkubwa unazishinda. Kwa mtoto mchanga zinaweza kuota tumboni na kutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto hukosa choo, hulia kwa sauti dhaifu, hushindwa kunyonya, shingo hulegea, na kupumua huwa kwa shida. Mbegu hizo hazifi kwa mchemko wa kawaida wa jikoni. Huku kwetu asali hutumika sana kama dawa ya kikohozi na hata kuwalambisha watoto wachanga, kwa hiyo mweleze pia bibi na yeyote anayebaki na mtoto.

Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, asali na sukari si za lazima. Mtoto anayezoeshwa ladha ya karoti na nyanya hadai sukari.

Kumlisha mtoto kulingana na umri

Chini ya miezi 6: maziwa ya mama pekee. Hapewi maji ya maharage wala "supu ya kuonja".

Miezi 6 hadi 8: ponda maharage na uyapitishe kwenye chujio ili maganda yabaki, changanya na ugali laini, viazi au uji mzito. Anza na vijiko 2 hadi 3 kwa mlo na ongeza taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Mlishe mara 2 hadi 3 kwa siku, na aendelee kunyonya.

Miezi 9 hadi 11: yaponde kwa uma, yasiwe laini kabisa, ajifunze kutafuna. Nusu kikombe kwa mlo, mara 3 hadi 4 kwa siku.

Miezi 12 hadi 23: robo tatu ya kikombe hadi kikombe kimoja, mara 3 hadi 4 kwa siku. Punje ziwe laini sana au zibonyezwe. Punje nzima ngumu inaweza kumpalia.

Vipimo hivi ni vya mlo wote, yaani maharage pamoja na ugali au wali na mboga, si vya maharage peke yake. Chungwa, papai, embe au limao katika mlo huo huo husaidia kufyonza madini chuma. Chai ya rangi hufanya kinyume chake: usimpe mtoto chai pamoja na chakula, na mama mjamzito aisogeze walau saa 1 mbali na mlo. Mama, maharage hayachukui nafasi ya vidonge vya madini chuma na foliki asidi ulivyopewa kliniki. Endelea navyo.

Walezi wengi huuliza kama wamwachishe mtoto maharage kwa sababu ya gesi. Mara nyingi si lazima. Anza na kiasi kidogo, mwaga maji ya kulowekea, toa maganda, na mpe mara kwa mara ili tumbo lizoee.

Maharage yaliyobaki

Chakula kilichoiva kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Ndani ya kapu kiko salama mradi bado ni cha moto sana, zaidi ya nyuzi joto 60. Ukifungua kapu ukakuta chakula ni vuguvugu na kimekaa hivyo kwa muda usioujua, kitupe. Najua kinauma kukitupa. Lakini baadhi ya sumu za vijidudu haziondoki hata ukichemsha upya. Kama huna friji, pika ya kula siku hiyo hiyo. Kama unayo, weka kwenye chombo chenye mfuniko, tumia ndani ya siku 3, na kila mara pasha hadi kichemke.

Moshi uwe kwenye chakula, usiwe kwenye kifua cha mtoto

Kwa mujibu wa WHO, mtoto wa chini ya miaka 5 anayevuta moshi wa kupikia ndani ya nyumba yuko katika hatari karibu mara mbili ya kupata nimonia. Kapu la joto linapunguza moshi huo, kwa kuwa moto unawaka kwa muda mfupi asubuhi na dakika chache mchana. Hata hivyo, pikia mahali penye hewa, na mtoto asiwe mgongoni ukipuliza moto. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili "kupata joto", hasa miezi ya baridi ya Juni na Julai. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Ukishaepua sufuria, uzime mkaa ukiwa nje.

Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kama una umeme na unaweza kumudu, jiko la presha la umeme ni zuri kwa maharage: joto lake hupanda kuliko la sufuria ya kawaida, hivyo huivisha haraka na kuiharibu lektini. Chungu cha umeme cha kupika polepole nacho kinafaa, lakini lazima maharage yachemshwe kwanza dakika 30 kwenye sufuria.

Mtoto akiugua baada ya kula

Mpe ORS kidogo kidogo kwa kijiko, ukitumia maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Endelea kumnyonyesha. Akiharisha, mpeleke pia akapewe vidonge vya zinki, na vimalizwe vyote hata kama kuharisha kumekoma.

Usisubiri kesho, mpeleke kituo cha kutolea huduma za afya mara moja ukiona:

- anatapika kila anachopewa
- ameshindwa kunywa au kunyonya
- macho yamebonyea, au hajakojoa kwa saa 6 au zaidi
- kinyesi kina damu
- ana homa kali au degedege
- amelegea, haamki vizuri, au anapumua kwa shida

Mweleze muhudumu mtoto alikula nini, saa ngapi, na kilipikwaje. Habari hiyo inasaidia.

Na kama mtoto wako amekonda, miguu imevimba, au kipimo cha mkono kwa utepe kimeangukia kwenye rangi nyekundu (chini ya sentimita 11.5), usijaribu kumtibu kwa maharage nyumbani. Huo ni utapiamlo mkali, unatibiwa kituoni kwa chakula dawa, na matibabu yakianza mapema mtoto anapona. Maharage yatamsubiri akirudi nyumbani.